Nilivyoshindwa Sanje, na nilivyorudi na mama

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniuliza kama anaweza kumpeleka mama yake, mwenye umri wa miaka 63, kwenye maporomoko ya Sanje katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Nilimjibu kwa neno moja, anaweza, kisha nikaona kwamba nimempunja, kwa sababu mimi mwenyewe nilipokwenda mara ya kwanza, nikiwa na miaka 34 na nikijiona mwanamume wa mazoezi, sikufika.

Tulikuwa sita, wote wa ofisi moja. Tulilala Mikumi, tukaamka kwa kujivuta, tukasimama Kidatu kula chipsi mayai, na tulipofika kijiji cha Sanje jua lilikuwa la utosi. Askari wa hifadhi aliyetupokea alizitazama raba zangu nyeupe, mpya, zenye soli laini kama kipande cha sabuni, akasema tu, "Kaka, huku tunakwenda mwendo wa kinyonga." Nikaona ananidharau, nikatangulia. Kwa robo saa nilikuwa nawapungia wenzangu mkono kutoka mbele. Baada ya hapo njia iliinuka, mizizi ikawa ndiyo ngazi, na joto la msitu usio na upepo likanikaba koo. Chupa yangu moja ya maji ya nusu lita ilikwisha kabla ya saa moja kupita. Niliteleza mara mbili, na mara ya pili msuli wa paja ulikaza ukakataa kuachia, ikabidi askari wa pili anirudishe chini taratibu kama anayemwongoza mgonjwa wa macho. Wenzangu walirudi jioni nywele zikiwa bado zinachuruzika maji ya kidimbwi. Picha yangu nimekaa juu ya jiwe, mdomo wazi, ilizunguka kwenye simu za ofisini mwezi mzima, na aliyeisambaza hajaniomba radhi hadi leo. Simtaji; anajijua.

Mwezi uliopita nilirudi na mama yangu, ambaye ana miaka 61 na alikulia milimani Uluguru akibeba kuni. Safari hii tulilala Mang'ula, yalipo makao makuu ya hifadhi, na jioni ileile tukatembea njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard, yaliyopewa jina la mwanamfalme wa Uholanzi aliyeizindua hifadhi hiyo mwaka 1992. Ni matembezi yasiyomaliza hata saa moja, na ndiyo ninayomshauri mzee yeyote aanze nayo, kwani ndipo tulipogundua kwamba kiatu cha mama cha kushoto kinambana kidole gumba. Usiku nikakijaza magazeti yaliyoloweshwa maji ili kipanuke. Kilipanuka.

Asubuhi, saa moja na nusu, tulikuwa tumekwisha kuanza kupanda Sanje. Askari alimpa mama fimbo yake, naye akaenda mwendo wa mtu anayekwenda kisimani na asiye na foleni ya kuwahi. Kila kona alisimama. Mimi, niliyekuwa na hasira ya miaka miwili miguuni, nilisimama nyuma yake, na kwa kusimama huko ndipo nilipoona vile nilivyovipita mbio mara ya kwanza: mbega wekundu wa Iringa wakituangushia majani kutoka juu, na baadaye, kwa mbali, kundi la mangabei wa Sanje, kima ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu ingawa wanakijiji walikuwa wakimfahamu tangu zamani. Udzungwa haina barabara za kuzungushia watalii kwa gari. Usipotembea, huoni kitu.

Maporomoko hayo yana urefu wa takriban mita 170, na ngurumo yake huisikia muda mrefu kabla ya kuyaona. Mama alivua viatu, akaingiza miguu kidimbwini, akanyamaza. Tulipofika mahali unapoliona bonde la Kilombero lote chini, kijani kitupu cha mashamba ya miwa, alisema, "Kumbe sukari ninayowekea chai inatoka huku." Kwenda na kurudi, watu wengi hutumia saa nne, sisi tulitumia sita, na hakuna aliyetudai.

Kwa hiyo, ndugu zangu, anzeni mapema. Vaeni viatu vyenye meno, vilivyokwisha kuzoea mguu. Bebeni maji, angalau lita mbili kila mtu, na mwanzo wa safari uwe mapema, nasema tena, kwa sababu saa sita msitu ule haumjali mtu. Epukeni miezi ya masika, Machi hadi Mei, njia inapoteleza. Na ninyi vijana mnaokwenda kupiga picha za kuwaonyesha watu, msikilizeni askari anapowaambia mwendo. Yeye hupanda pale kila juma, ninyi mmetoka kwenye viti vya ofisi. Kiburi hakipandi mlima, nami ni shahidi.

Msomaji wangu, mpeleke mama. Wangu amekwisha kuniuliza tutarudi lini, na safari ijayo anataka kumchukua shangazi, ambaye nimemwambia anunue viatu sasa hivi, avivalie sokoni na kanisani, ili ikifika Juni visiwe vigeni.