Saratani ya kinywa na koo: maswali ya wasomaji

Baba alifariki kwa saratani ya koo. Je, nimeirithi? Mimi huvuta sigara chache tu kwa siku.

Saratani yenyewe hairithiwi. Kinachoweza kurithiwa ni udhaifu wa mwili katika kuondoa sumu na kurekebisha vinasaba vilivyoharibika. Mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyeugua huwa na hatari iliyoongezeka kiasi, na sehemu ya ongezeko hilo hutokana na mazoea ambayo watu wa nyumba moja huambukizana. Yapo maradhi adimu ya kurithi, kama anemia ya Fanconi, ambayo huleta saratani ya kinywa katika umri mdogo hata kwa asiyevuta, lakini hukutaja dalili yake yoyote. Ulichotaja ni sigara, ukaifuatisha na neno "tu". Barua nyingi zinazoniuliza kuhusu urithi zina "tu" ya namna hiyo, nami nasikitika kuona watu wakiwachunguza marehemu wao huku sigara ikiwaka mkononi. Hakuna idadi ya sigara iliyo salama. Ukiacha, hatari iliyoongezwa na tumbaku hupungua kwa karibu nusu katika miaka 5 hadi 10.

Je, ugoro na shisha si nafuu kuliko sigara?

Nimeulizwa hili mara nyingi mno: ugoro hukaa umegusana na ufizi, maji ya shisha hayachuji sumu, na vyote viwili ni tumbaku.

Mimi huvuta ninapokunywa pombe tu, mwisho wa wiki. Kuna ubaya?

Upo, kwa sababu umechagua wakati mbaya kuliko wote. Pombe, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka miongoni mwa visababishi vilivyothibitika tangu mwaka 1988, hugeuka mwilini kuwa asetaldehaidi, sumu inayoharibu vinasaba, na wakati huohuo huulainisha utando wa kinywa na koo hata kemikali za tumbaku zikapenya kwa urahisi. Kwa hiyo hatari za viwili hivi hazijumlishwi bali huzidishana, na kwa wanaovitumia vyote kwa wingi imeonekana kufika zaidi ya mara 30 ya ile ya asiyevitumia. Hapa ndipo urithi una neno la kusema: wapo watu, hasa wenye asili ya Asia Mashariki, ambao kimeng'enya chao cha kuondoa asetaldehaidi ni dhaifu, na uso huwaiva wekundu kwa vinywaji vichache. Wekundu huo usichukuliwe kuwa kichekesho cha mezani, ni onyo.

Sijavuta wala kunywa maishani, lakini nimeambiwa saratani ya findo langu imetokana na kirusi cha HPV. Mume wangu sasa ananishuku.

Mwambie mumeo kwamba kirusi hiki huwapata watu wengi walioanza kujamiiana, wengi wao hukishinda bila kujua, na kwa wachache, hasa aina ya 16, hukaa kwenye mafindo miaka mingi kabla ya kuleta saratani. Hakuna kipimo kitakachoonyesha kiliingia lini wala kwa nani, kwa hiyo shuku yake haina msingi, nayo inakuongezea mzigo wakati unapohitaji nguvu ya kutibiwa. Saratani ya aina hii kwa kawaida husikia matibabu vizuri kuliko ile ya tumbaku. Nanyi wazazi wengine, chanjo ya HPV ipo, hufaa zaidi kabla ya kuanza kujamiiana, na wavulana nao wana koo.

Nikitafuna popoo bila tumbaku?

Popoo pekee husababisha saratani, na hukaza nyama za mashavu hadi kinywa kikashindwa kufunguka.

Nina kidonda pembeni mwa ulimi, miezi miwili sasa. Hakiumi. Nisukutue kwa dawa gani?

Usisukutue, nenda kwa daktari wa meno au wa koo wiki hii. Kidonda, au baka jeupe au jekundu, likizidi wiki tatu lazima likaguliwe, na kutouma si nafuu, kwa kuwa saratani changa ya kinywa mara nyingi haiumi. Omba kipande kidogo cha nyama kikatwe kikapimwe, na usikubali kupewa antibiotiki kwa mara ya pili bila kipimo hicho.