Kabla hujasukuma pingili: kwa mnaoanza kupima waendesha baiskeli

Wadogo zangu wa fiziotherapia, kila wanafunzi wapya wanapoingia maabara naletewa grafu ileile. Nguzo moja ya nguvu za mguu kabla ya kunyoosha mgongo, yaani kusukuma pingili za uti kwa mikono, nyingine ya baada, ya pili ndefu zaidi, na aliyeichora anatabasamu. Nawapenda kwa bidii hiyo, lakini nimechoka kuirudisha.

1. Mlio si ushahidi. Mwaka 2015 watafiti wa Kanada walipiga picha za MRI kiungo cha kidole kikivutwa, wakaona kinaalika pale uwazi wa gesi unapojitokeza ndani ya ute wake. Basi. Pingili haikurudi mahali pake, maana haikuwa imetoka. Msirudie kusukuma mkiutafuta mlio. Kiungo kikishaalika huhitaji kama dakika 20 ndipo kialike tena.

2. Bila kundi la ulinganisho huna kitu. Kijana mmoja mwerevu sana aliwakusanya watu wanaoendesha baiskeli kwa kujifurahisha, akawapima kwadrisepsi, misuli ya mbele ya paja, kwenye dainamomita, kiti chenye mashine ya kupima nguvu za misuli, goti likinyooka kwa kasi ya nyuzi 60 kwa sekunde, akawanyoosha kiuno, akawapima tena. Karibu wote wakapanda. Akaandika sura nzuri mno kuhusu mizizi ya neva za kiuno, L2 hadi L4, inayofika kwadrisepsi kupitia neva ya paja. Nikamwomba atafute wengine, awalaze vilevile, awashike vilevile, asisukume, kisha apime. Nao wakapanda.

Iliniuma kumtazama akisoma zile namba. Watu wake hawakuwahi kukalia kiti kile kabla ya siku hiyo, na kunyoosha goti kwa nguvu zote ukiwa umefungwa mikanda ni ujuzi. Raundi ya kwanza mtu anajifunza, ya pili anajua. Misuli nayo imeshapata joto. Tena yeye mwenyewe, kwa hamu ya kuona wanafaulu, aliwahimiza “kaza, kaza!” kwa sauti kubwa zaidi mara ya pili. Hakudanganya hata chembe. Lakini ilibidi data yote ikusanywe upya, na baadhi ya washiriki hawakurudi.

Kwa hiyo wekeni siku ya kuizoea mashine, kundi la tiba ya kuigiza, na mpimaji asiyejua nani kasukumwa. Pimeni tena baada ya nusu saa pia: ongezeko linaloyeyuka kabla mtu hajatoka maabara halimsaidii kwenye safari ya saa tatu.

3. Nguvu ya goti kwenye dainamomita si wati za pedali, wala si sekunde 30 za Wingate, jaribio la kupiga pedali kwa nguvu zote. Chagueni kipimo kikuu kabla ya kuona matokeo. Urefu wa tandiko usibadilike. Ulizeni jana waliendesha umbali gani.

4. Ulizeni kuhusu ganzi, na mwulize bila haya. Tandiko hubana neva za msamba, na wengi hawasemi mpaka waulizwe. Ganzi inayoisha mtu akishuka ni kazi ya kurekebisha tandiko. Ikibaki, hasa ikiandamana na kushindwa kukojoa au miguu yote miwili kulegea, usiguse mgongo huo: huenda neva za mwisho wa uti zimebanwa. Acha kipimo, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.