Umeumia uwanjani: je, tiketi imekufunga mdomo?

Wasomaji wanne wa Kenya wameniandikia kuhusu majeraha ya viwanjani. Wote wameambiwa walijitakia.

Kiti cha mbao iliyooza chini ya rangi mpya kilivunjika nikiwa jukwaani, nikateguka mkono. Nakiri nilikuwa nimesimama juu yake bao lilipoingia. Msimamizi ananionyesha nyuma ya tiketi: "Unaingia kwa hatari yako mwenyewe." Nina kesi?

Unayo. Sheria ya wenye majengo na viwanja, Sura ya 34 ya Sheria za Kenya, inamtaka msimamizi achukue hatua za busara ili mgeni awe salama katika shughuli iliyomleta. Sheria hiyo hiyo inasema hawajibiki kwa hatari ambayo mgeni aliikubali kwa hiari. Sasa wewe ulikubali hatari ipi? Anayekata tiketi ya mpira anajua shuti linaweza kupaa likamfikia jukwaani. Ubao uliooza chini ya rangi mpya hakuujua, na huwezi kukubali usichokijua.

Maandishi ya tiketi usiyadharau, kwa kuwa sheria inaruhusu wajibu huo kupunguzwa kwa makubaliano, na wakili wao atayang'ang'ania. Mwulize hivi: niliyaona kabla ya kulipa, au nilipewa karatasi pesa zikiwa zimeshapita dirishani? Pia Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kulindwa afya na usalama wake.

Kusimama juu ya kiti kutakugharimu kiasi. Chini ya Sura ya 26 ya Sheria za Kenya, mahakama hugawa lawama na kukata fidia kulingana na sehemu yako ya kosa, lakini hakukufutii dai. Kapige picha ubao huo leo, kabla fundi hajaung'oa.

Mimi sikuwa hata mtazamaji. Nilikuwa nikipita nje ya uwanja wa kriketi, mpira ukanipasua kichwa.

Basi hoja ya kukubali hatari haikuhusu hata kidogo. Bado utahitaji kuthibitisha uzembe, na hapo ndipo penye ugumu. Mwaka 1951, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilimnyima fidia mwanamke aliyegongwa barabarani kwa sababu mipira ilikuwa imevuka ua mara chache mno, kama mara sita katika miaka 30 hivi. Waulize majirani na wenye vibanda mipira hutoka mara ngapi. Ikiwa ni kila Jumamosi, kesi yako ni nzito.

Beki alinivunja mguu kwa rafu. Wenzangu wanasema ndiyo mpira huo.

Rafu ya kawaida, ndiyo. Kumkanyaga mtu bila kujali, hapana. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilimpa fidia mchezaji wa ligi ya mtaani aliyevunjwa mguu hivyo. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, ila huweza kuzishawishi. Ripoti ya refa itakufaa sana.

Niliumia miezi kumi iliyopita. Nimechelewa?

Kwa uwanja wa mtu binafsi una miaka 3. Ukitaka kuishtaki Serikali ni miezi 12 tu, kwa hiyo kwanza ujue uwanja ni wa nani. Dai lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo. Tafuta wakili wiki hii, na uende na karatasi zote za hospitali.