Unakwenda kusoma Brno? Wacheki ninaowafahamu mimi

Wakuu, salaam.

Mleta mada anasema amepata nafasi ya kusoma Brno, Ucheki, anaondoka Septemba, na anauliza nchi hiyo ina mambo gani ya kipekee na watu wake wakoje. Hadi sasa amejibiwa mawili: kwamba kule ni bia na baridi tu, na kwamba Wacheki ni wakavu, hawana habari na mgeni. Nimesoma Brno na bado naishi huko. Nimekula mezani kwao na nimeingia msituni nao, kwa hiyo jibu la pili limeniuma. Ukarimu wanao, ila hawautembezi barabarani. Uko nyumbani, uko msituni, uko kandokando ya bwawa la samaki, na naamini historia yao ndiyo iliyoufungia huko. Naomba nieleze kwa kirefu.

Ni kweli barabarani hakuna atakayekuchekea. Kwenye tramu kila mtu na simu yake au kitabu chake. Lakini ingia kwenye lifti, au kwenye chumba cha kusubiri daktari ambamo wamekaa watu usiowajua kabisa: kila anayeingia anasema "Dobrý den", waliomo wanaitikia, na anayetoka anaaga. Wageni wengi tunaingia kimya, tunaona nyuso zimekunjamana, tunaondoka tukisema hawatupendi. Ubaguzi upo, siwezi kuuficha, nimekutana nao. Ila mara nyingi kinachowaudhi ni kwamba hukusalimia, na hilo mtu yeyote aliyelelewa uswahilini analielewa. Halafu ukialikwa nyumbani, vua viatu mlangoni. Mwenyeji atakwambia "usihangaike, ingia navyo tu." Wewe vua. Atakuletea ndara za wageni, maana kila nyumba ina rundo lake.

Sasa kwa nini wamejifunga hivyo? Huenda umesikia kisa cha watu kutupwa dirishani. Mei 1618 wakuu wa Kiprotestanti walipanda kwenye ngome ya Praha, wakawakamata wawakilishi wawili wa mfalme Mkatoliki, wa ukoo wa Habsburg uliozungumza Kijerumani, Vilém Slavata na Jaroslav Bořita, pamoja na karani Filip Fabricius, wakawasukuma nje kupitia dirishani. Wote watatu walipona. Wakatoliki wakasema Bikira Maria aliwadaka, Waprotestanti wakasema waliangukia lundo la taka. Watalii husimuliwa hivyo, wakacheka, wakapiga picha, wakaondoka.

Kilichofuata hakichekeshi. Tukio hilo ndilo lililowasha Vita vya Miaka Thelathini, vita vya Wakatoliki na Waprotestanti barani Ulaya. Novemba 1620 Wacheki walishindwa vitani kwenye Mlima Mweupe, nje kidogo ya Praha, na Juni 1621 viongozi 27 wa uasi waliuawa hadharani katika uwanja wa Mji Mkongwe. Ukifika pale inamisha kichwa utazame sakafu karibu na jengo la halmashauri: kuna misalaba 27 myeupe imechorwa kwa mawe, na watu wanaikanyaga bila kujua. Waliokataa kuwa Wakatoliki walihama nchi, akiwemo Jan Amos Komenský, yule baba wa elimu anayesomwa na walimu duniani kote. Taratibu Kijerumani kikashika ofisi na shule za juu, Kicheki kikabaki zaidi kwa wakulima na watumishi wa ndani, na naona hapo ndipo walipozoea kuyaweka yao nyumbani. Ilikuwa hadi karne ya 19 ndipo wasomi wachache, Josef Jungmann akiwa mbele yao, walipokaa chini kukitungia upya kamusi na istilahi ili kifae tena kwa sayansi na fasihi.

Kisha wakataka jumba la tamthilia kwa lugha yao. Wakachangishana. Mawe ya msingi yaliletwa kutoka vilima mbalimbali vya nchi, yakawekwa mwaka 1868. Jumba likafunguliwa Juni 1881, na Agosti mwaka huohuo likaungua. Kwa siku 47 watu wakachanga upya guldeni (fedha ya wakati huo) zipatazo milioni moja, na mwaka 1883 likafunguliwa tena. Juu ya jukwaa kuna maandishi ya dhahabu, "Národ sobě", yaani taifa limejipa lenyewe. Nilipokaa pale ndani mara ya kwanza machozi yalinitoka. Mimi ni mtu wa Kiswahili, najua maana ya kuambiwa lugha yako inatosha jikoni na sokoni tu. Ndiyo maana mama wa dukani hubadilika uso mzima ukimwambia hata maneno matatu ya Kicheki. Kijifunze kuanzia siku ya kwanza, hata kama masomo yako ni ya Kiingereza.

Sasa tuje kwenye ninachokipenda kuliko vyote: samaki wa Krismasi. Anaitwa kapr, ni samaki wa maji baridi, mnene, ana magamba makubwa. Kuanzia takriban tarehe 20 Desemba, kwenye pembe za mitaa na mbele ya maduka yanapangwa matangi ya maji yaliyojaa kapr wazima. Muuzaji amevaa aproni ya mpira na glavu, mikono myekundu kwa baridi, mvuke unamtoka mdomoni. Watu wanapanga foleni kwenye theluji. Unamwonyesha unayemtaka, anamchota kwa wavu, anamweka kwenye mizani akiwa anarukaruka, kisha anakuuliza swali moja: auawe, au unaondoka naye mzima? Akiuawa, ni pigo moja la rungu kichwani, kisu, maji, mfuko. Watoto wamesimama pembeni wanatazama kila hatua na hakuna anayewafumba macho.

Wengine humchukua mzima na kumweka kwenye bafu, lile la kujilaza, akaogelea humo hadi tarehe 24. Familia nzima inakosa pa kuoga. Watoto humpa jina, na hapo ndipo shida huanza, maana ukishampa samaki jina nani atamla? Ziko familia ambazo baba huishia kwenda kumwachia mtoni, ingawa wafugaji hukataza, kwa kuwa samaki wa bwawani akitupwa mtoni katikati ya baridi kwa kawaida hafiki mbali.

Usiku wa tarehe 24 hukatwa vipande, huchovywa kwenye unga, yai na chenga za mkate, hukaangwa, huliwa na saladi ya viazi. Hiyo saladi usiifanyie mzaha, kila nyumba inaamini ya kwao ndiyo yenyewe. Mchana kutwa wengine hufunga, wakiambiwa kwamba mwenye subira ataona kiguruwe cha dhahabu ukutani. Giza likiingia wanakaa mezani, na hakuna wa kunyanyuka mpaka wote wamalize, kwa sababu wazee wanasema anayenyanyuka hafiki Krismasi ijayo. Kisha tufaha hukatwa kwa upana: mbegu zikifanya nyota, ni afya, zikifanya msalaba, kila mtu hunyamaza kidogo. Mwisho kengele hulia kwenye chumba kingine, watoto hukimbia, na zawadi ziko chini ya mti. Ameleta Ježíšek, Mtoto Yesu, ambaye hakuna anayemwona. Na haya yanafanyika katika nchi ambayo kwenye sensa ya 2021 karibu nusu ya watu walijaza kwamba hawana dini! Mezani kwa wenyeji wangu nilipewa gamba moja kavu la samaki niliweke kwenye pochi ili fedha isikatike. Bado ninalo, na kila mwaka bibi wa nyumba ile hunikumbusha nilibadilishe.

Usidhani huyo samaki anavuliwa tu popote. Kusini mwa nchi, mji wa Třeboň, kuna mabwawa yaliyochimbwa kwa mikono tangu karne ya 15 na ya 16. Kubwa kuliko yote ni Rožmberk, lililokamilika mwaka 1590 chini ya fundi Jakub Krčín, lenye ukubwa wa karibu hekta 500. Mabwawa mengi ya huko yanaunganishwa na mfereji wa kilomita zipatazo 48 uliochimbwa kabla yake. Bila injini, bila umeme, na mpaka leo unafanya kazi. Samaki hufugwa miaka mitatu hadi minne. Vuli ikifika maji hufunguliwa polepole, samaki wakajikusanya penye kina, na alfajiri wavuvi huingia na nyavu, wakivuta kwa pamoja. Nenda ukaone. Watu wanasimama ukingoni na supu ya moto, wanaongea na yeyote aliye karibu. Hao ndio "wakavu" mnaowasema.

Brno yenyewe ina vituko vyake. Kwenye njia ya kuingilia jengo la zamani la halmashauri ananing'inia "joka la Brno". Mtu wa Rufiji akilitazama hahitaji maelezo: ni mamba aliyekaushwa, mzima, na mkia wake. Nao wanajua ni mamba, ila wanamwita joka na wanampenda hivyohivyo. Na ukisikia kengele za kanisa kuu la Petrov zikigonga saa sita ya mchana huku saa yako inasema saa tano, saa yako haijaharibika. Inasimuliwa kwamba mwaka 1645 jemadari wa Sweden, Torstenson, aliyeuzingira mji, aliapa kwamba asipouteka kabla ya saa sita ataondoka. Wenyeji wakapiga kengele saa moja mapema. Jeshi likaondoka kweli. Vilevile usipite bila kuingia kwenye monasteri ya Brno ya Zamani, ambako Gregor Mendel alipanda njegere zake na kugundua jinsi sifa zinavyorithiwa.

Kuna mchangiaji aliyesema Ucheki haina uhusiano wowote na sisi. Ndugu yangu, viatu vya shule ulivyovaa huenda vilikuwa vya Bata. Wengi hapa wanajua Bata ni ya Kenya, kwa sababu ya kiwanda cha Limuru, lakini Tomáš Baťa aliianzisha kampuni hiyo Zlín mwaka 1894, na Zlín iko mwendo mfupi kutoka Brno. Nenda uone jengo namba 21, yaliyokuwa makao makuu ya kampuni, lililokamilika mwaka 1938: ofisi ya mkurugenzi iliwekwa ndani ya lifti, chumba cha mita sita kwa sita chenye meza, simu na sinki la maji, ili bosi apande na kushuka kwenye ghorofa za wafanyakazi bila kuinuka kitini.

Na faru. Faru weupe wa kaskazini wawili pekee waliobaki duniani, Najin na bintiye Fatu, wanaishi Ol Pejeta, Laikipia, na wote wawili walizaliwa Ucheki, kwenye bustani ya wanyama ya mji mdogo wa Dvůr Králové. Aliyekuwa mkurugenzi wa bustani hiyo, Josef Vágner, alipeleka huko wanyama wengi sana kutoka Afrika, na mwaka 1975 walikuwemo faru weupe wa kaskazini, akiwemo dume aliyeitwa Sudan. Desemba 2009 faru wanne, Sudan, Najin na Fatu wakiwemo, walirudishwa Afrika, wakafikia Kenya. Sudan alikufa Machi 2018. Kuwakamata wanyama porini na kuwapeleka kwenye baridi ile kunanichoma moyo. Lakini wenzao waliobaki Garamba, Kongo, walimalizwa na majangili, na hawa wa Dvůr Králové ndio waliosalia. Bustani hiyohiyo mwaka 2009 ilileta faru weusi watatu Mkomazi, kwetu Tanzania, na mwaka 2019 faru watano walisafirishwa kutoka hapo kwenda Akagera, Rwanda.

Kuhusu bia sitasema mengi, mmeshasema. Kama hunywi, agiza Kofola, soda yao ya tangu 1960. Baa nyingi wanaitoa kwenye bomba kama bia na hakuna atakayekushangaa.

Mleta mada, kwa kuwa unafika Septemba, utakuta msimu wa uyoga. Huko sheria inaruhusu mtu yeyote kuingia msituni, hata msitu wenye mwenyewe, na kuchuma uyoga wa kula nyumbani kwake. Mvua ikinyesha siku mbili tatu kisha jua likatoka, treni za Jumamosi asubuhi zinajaa watu wenye vikapu: mabibi, wanafunzi, maprofesa. Kama umetokea Tabora au Iringa hili si geni kwako. Wanachukua kisu kidogo, wanasafisha shina palepale, hawatumii mfuko wa plastiki kwa sababu uyoga unavunda. Mtu anaweza kukupa chakula na kitanda, lakini asikwambie anachumia wapi. Akikuchukua hadi mahali pake, jua amekuhesabu ndani ya familia. Ila usichume peke yako hata kidogo: kuna uyoga wa rangi ya kijani mpauko, mzuri wa kutazama, ambao unaua ini, na miti yake ni ileile unakoota uyoga mzuri.

Ukishapata chumba njoo inbox. Sisi huondoka na treni ya asubuhi sana. Vaa viatu vya kuingia matopeni na shati la mikono mirefu, kupe ni wengi. Kikapu ninacho cha ziada.