Muulize Fundi: Majira tisa ya baridi juu ya ski moja

Mwezi huu barua tatu zimekuja kutoka Idaho na Montana, zote zinahusu chombo kimoja: pikipiki ya theluji. Ni pikipiki ya kawaida ya motokrosi, ila gurudumu la mbele limetolewa ikawekwa ski moja (ubao mrefu wa kutelezea juu ya theluji), na la nyuma limepisha mkanda wa mpira wenye meno. Mimi ufundi nilijifunzia Moshi, kwenye gereji ya mjomba wangu, tukifungua injini za pikipiki za mizigo. Sasa ninaishi McCall, Idaho, na chombo hiki nimekipanda majira tisa ya baridi. Nitajibu kwa yale yaliyopita mikononi mwangu.

*Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Kikongo, huu mwaka wangu wa saba Boise. Nimepata pikipiki ya cc 450 pamoja na kifaa chake cha theluji cha mwaka 2016, kwa dola 6,500. Mwenye nayo anasema haijatumika sana, ni saa 140 tu. Rafiki zangu wanasema chombo cha zamani hivyo kimekwisha. Ninunue?* — Msomaji, Boise

Marahaba, mdogo wangu. Miaka isikutishe. Kinachonitisha mimi ni hilo neno "tu" baada ya saa 140.

Elewa kwanza kwamba unauziwa vitu viwili vyenye umri tofauti. Kuna kifaa, yaani chesisi ya alumini, mkanda, reli ambazo mkanda hutelezea, na ski. Kikitunzwa, kifaa huishi kuliko injini. Changu kiko chini ya pikipiki ya pili sasa. Halafu kuna injini, nayo ni ya mashindano, haikuundwa kwa maisha marefu. Theluji laini inameza nguvu, mkono wako uko kwenye mafuta karibu muda wote, kwa hiyo saa moja ya mlimani ni nzito kuliko saa moja ya vumbi. Mimi hupima valvu kila saa 25, na pistoni naibadilisha kabla ya saa 100. Muulize muuzaji: pistoni ilibadilishwa lini, na risiti iko wapi? Akikosa jibu, hesabu gharama ya kufungua injini na uitoe kwenye bei yake. Usione haya kumwambia.

Ukimaliza hapo, omba tochi ulale chini. Shika kila kigurudumu cha ndani ya mkanda ukitikise. Beringi iliyoingia maji inakwaruza hata mkononi. Tazama plastiki zilizovaa juu ya reli. Plastiki hizo hupozwa na kulainishwa na theluji yenyewe, kwa hiyo mtu akikimbiza chombo kwenye barabara ya barafu ngumu zinapata moto na kuyeyuka. Ukizikuta zina mawimbi, umeshajua tabia ya aliyekuwa nayo. Kagua kingo za mkanda kama nyuzi zinaning'inia. Pale fremu ya pikipiki inapoungana na kifaa, futa matope na utafute ufa. Chini ya ski kuna chuma chembamba chenye ncha ngumu. Kikiisha, pua ya pikipiki inatangatanga kwenye theluji iliyoshindiliwa, na wengi hudhani ni foki mbovu, wananunua foki bure.

Umri wa kifaa una faida yake pia. Uko kwenye jimbo la chimbuko lenyewe: Timbersled, kampuni ya vifaa hivi, ilikulia Sandpoint, kaskazini mwa Idaho, kabla kampuni ya Polaris haijainunua mwaka 2015. Mwaka 2017 mbio za pikipiki hizi zikaingia kwenye mashindano makubwa ya X Games kule Aspen, Colorado, na watu wengi wakanunua. Ndiyo maana vilivyotumika ni vingi huku kwetu, na vipuri havikupi shida.

Sasa nikueleze siku niliyojifunza kazi hii kweli, msimu wangu wa tatu. Jumamosi jioni niliipandisha pikipiki kwenye trela ikiwa imelowa, theluji imejaa kati ya mkanda na chesisi. Nilikuwa nimechoka, nikailaza hivyo hivyo. Usiku ule ilishuka nyuzi 15 chini ya sifuri. Asubuhi mkanda ulikuwa umeshikana na reli kama zege. Badala ya kumwaga maji ya uvuguvugu na kusubiri, niliweka gia nikalazimisha kwa klachi. Ulibanduka, nikafurahi, nikaingia msituni. Kilomita sita ndani cheni ikakatika, ikajikunja kwenye sproketi ndogo na kutoboa ganda la injini. Oili yote ilimwagika juu ya theluji nyeupe mbele ya macho yangu. Kutembea kurudi kulinichukua saa nne, theluji ikinifika mapajani, na nilikuwa peke yangu. Ganda lilichomelewa, cheni ikanunuliwa. Ile saa nne ndiyo bado ninayo.

Tangu siku hiyo sifungi safari kabla ya mambo haya: nailaza pikipiki ubavu, napiga mkanda kwa buti mpaka barafu idondoke, nairudisha wima, nauzungusha mkanda ukiwa hewani. Dakika nne. Nikifika nyumbani naosha kwa maji ya uvuguvugu, kwa sababu chumvi wanayomwaga kwenye barabara ya 55 inakula alumini na soketi za umeme hata kama chombo kilikaa juu ya trela siku nzima. Kisha grisi, nasukuma mpaka maji yatoke na grisi safi ionekane. Ukiniuliza nini kimekifanya kifaa changu kifike msimu wa tisa, ni hiyo jioni baada ya safari, wakati mwili unataka chai na kulala.

Kwa hiyo: kama kifaa kina afya na bei imeshuka kulingana na injini, nunua. Lakini katika hela zako tenga za redio ya kifuani inayotuma mawimbi ya kilohezi 457 ili wenzako wakupate ukifukiwa, koleo, na fimbo ndefu ya kutafutia mtu chini ya theluji. Ukikosa hela za hivyo vitatu, ahirisha kununua pikipiki. Kila asubuhi kabla ya kutoka soma taarifa ya Payette Avalanche Center, kituo kinachoonya kuhusu maporomoko ya theluji, na miteremko ya kati ya nyuzi 30 na 45 usiiguse siku wanayoonya. Tafuta mwenzako wa kwenda naye. Mimi nilirudi kwa miguu nikiwa hai. Mteremko ungeporomoka siku ile, hakuna ambaye angejua pa kunifukua.

*Kaka fundi, habari za kazi. Oili ya pikipiki yangu imegeuka rangi, imekuwa kama chai ya maziwa. Nimeambiwa gasketi ya silinda hedi imekufa, nitoe dola 900. Lakini injini inavuta vizuri, na haina hata miaka miwili.* — Msomaji, Missoula

Nzuri, dada. Hizo dola 900 zishike kwanza.

Maji yapo kwenye oili, hilo halina ubishi. Swali ni yametoka wapi. Jaza rejeta hadi alama, panda siku moja, uangalie tena injini ikiwa imepoa. Kulanti imepungua? Moshi wa bomba ni mweupe na una harufu tamu hata injini ikishapata moto? Mapovu yanapanda kwenye rejeta? Ukiona hata kimoja, gasketi inahusika, mpe fundi kazi. Usipoona chochote, maji yako yametokana na mvuke wa injini yenyewe.

Kule nyumbani sisi tulizoea kupambana na injini kuchemka. Huku ugonjwa ni injini kutopata moto. Mafuta yanapoungua hutoa mvuke, kiasi fulani hupenya pembeni mwa pistoni na kuingia kwenye oili. Oili ikiwa moto sawasawa, mvuke huo hutoka. Oili ikibaki vuguvugu, mvuke unageuka maji na kukaa, pamoja na petroli ambayo haikuungua. Nusa oili yako, huenda ukaisikia petroli. Nyingi ya injini hizi za motokrosi hazina themostati, yaani kile kifaa kinachozuia kulanti isizunguke kwenye rejeta kabla injini haijapata moto. Upepo wa nyuzi 20 chini ya sifuri unapiga rejeta, ukiteremka bila kuvuta mafuta joto linashuka mno. Ya kwangu ilikuwa inashuka hadi nyuzi 40. Nilifunga themostati kwenye paipu ya kulanti na kuziba sehemu ya rejeta, sasa inakaa juu ya 70 hata nikiteremka.

Mwaga oili hiyo leo. Weka mpya, panda saa mbili, mwaga tena. Inaingia lita moja na kidogo tu, kwa hiyo usiionee uchungu. Na ile desturi ya kuiwasha dakika tano gereji "ipate joto" halafu kuizima, iache kabisa. Hiyo ndiyo inayotengeneza chai ya maziwa.

*Fundi, mume wangu anayo pikipiki hiyo. Kila Aprili anaisukuma gereji ilivyo, kila Desemba haiwaki, na tunalipa. Afanyeje?* — Msomaji, Nampa

Mama, mwambie atenge Jumamosi moja ya Aprili. Aoshe chumvi yote, abadilishe oili siku hiyo hiyo, maana iliyotumika ina asidi na itakaa miezi minane ikila beringi. Ajaze tenki petroli isiyo na ethanoli pamoja na dawa ya kuihifadhi, kisha aiwashe dakika kumi ili dawa ifike kwenye injekta. Aiwashie nje, si ndani ya gereji. Betri aitoe aiweke ndani ya nyumba. Mkanda aulegeze, na pikipiki aikalishe juu ya stendi ili mpira usilale kwenye sakafu ya saruji.

Panya wa huku wanapenda sana kulala kwenye bomba la moshi na njia ya hewa. Azibe zote mbili kwa vitambaa. Halafu wewe mwenyewe, mama, chukua karatasi, andika kwa herufi kubwa KUNA VITAMBAA VIWILI NDANI, uifunge kwenye usukani juu ya swichi ya kuwashia.