Kwa nini mapaja huuma zaidi baada ya kushuka mlima

Ndugu, umeuliza kwa nini mapaja yamekuuma siku mbili baada ya kushuka Kilimanjaro, ilhali kupanda ndiko kulikokutoa jasho.

Msuli huweza kuvuta tu, hauwezi kusukuma. Ndiyo maana misuli mingi hufanya kazi kwa jozi: ukikunja mkono, msuli wa mbele hujikaza na wa nyuma hulegea, ukiunyoosha, hubadilishana zamu.

Sasa, ukipanda, misuli minne ya mbele ya paja hujikaza huku ikifupika, inanyoosha goti. Ukishuka, misuli ileile hujikaza huku ikivutwa na kurefuka, kama breki, ili goti lisikunjike ghafla. Kazi hiyo haikuhemeshi sana, lakini huumiza nyuzi za msuli, majeraha madogo mno yasiyoonekana kwa macho. Maumivu yake hupamba moto kati ya saa 24 na 72 baada ya kushuka. Chanzo si asidi ya laktiki, ile kemikali ambayo msuli huitoa ukifanya kazi ngumu na ambayo wengi huilaumu, jamani! Hiyo huwa imeshaondoka mwilini saa chache tu baada ya kupumzika.

Tembea taratibu, usijilaze kutwa. Ila mkojo ukigeuka kahawia, hiyo huweza kuwa dalili kwamba misuli imeumia vibaya, nenda hospitali siku hiyohiyo.