Je, dola 1 ya utafiti wa muhogo hurudisha 100?

SWALI: Nimesoma kwamba utafiti wa kimataifa dhidi ya mdudu wa muhogo ulirudisha zaidi ya dola 100 kwa kila dola 1. Naweza kutumia uwiano huo kwenye andiko la mradi wetu wa mbegu bora za muhogo, tunaoshirikiana na kituo cha kimataifa?

JIBU: Usiutumie. Uwiano ni wa kweli, ila kazi ile ilikuwa ya aina nyingine. Mdudu yule, mweupe kama aliyepakwa unga, alitoka Amerika Kusini akaonekana Kongo mwaka 1973. Adui wake, nyigu mdogo anayetaga yai ndani ya mwili wa mdudu, alipatikana Paraguay mwaka 1981, akapitia karantini Uingereza, na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha kitropiki, IITA, wakamwachia mashambani Nigeria. Nyigu aliruka na kuzaana mwenyewe. Mkulima hakununua kitu. Hesabu ya nchi 27 kwa miaka 40 ilitoa uwiano wa karibu 200 kwa bei za soko la dunia, na zaidi ya 370 kwa bei za kati ya nchi za Afrika. Kwa hiyo hata kwenye hesabu yenu wenyewe, taja bei mliyotumia.

Mbegu ya muhogo haisambai yenyewe. Hekta 1 hula pingili (vipande vya shina vya kupanda) 10,000 kwa nafasi ya mita 1 kwa 1, na baada ya mwaka hutoa pingili za kupanda hekta 10 hivi. Ukianza na hekta 2, utafika hekta 20,000 baada ya mizunguko 4, tena kama magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia hayakuingia. Tanguliza miaka 6 ya majaribio: umefika mwaka wa 10.

Tuseme mavuno ya ziada ni tani 3 kwa hekta, bei shambani dola 40 kwa tani, gharama za ziada dola 60 kwa hekta. Faida ni dola 60 kwa hekta, yaani milioni 1.2 kwa mwaka. Pesa ya baadaye ina thamani ndogo kuliko ya leo: ukiipunguza kwa asilimia 10 kila mwaka, faida ya mwaka huo wa 10 ina thamani ya leo ya dola 463,000 tu. Mbegu ikichelewa miaka 2, inashuka hadi 382,000.

Maandiko mengi huharibika kwenye hizo tani 3. Zisitoke kituo cha utafiti, ambako palizi haikosi. Pima kwenye mashamba ya wakulima, ukilinganisha na mbegu ambayo wangepanda bila mradi. Na kama aina ya muhogo iliyotumika kuzalisha mbegu yenu ilitoka kwa mshirika wenu, ingiza gharama za mshirika huyo pia, au mhesabie sehemu ya faida.